Kiswahili Nilichofundishwa na Watani

Harufu ya michembe inayoanikwa haikuwapo kwetu milimani. Huko juu Uluguru, nilikozaliwa, jua halikupata nafasi ya kukausha kitu mpaka mwisho. Ukungu ulishuka alasiri, na kila kilichoanikwa kilirudishwa ndani kikiwa bado kibichi. Nilikutana na harufu hiyo siku nilipofika kijiji cha misheni, chini ya milima, mahali ambapo upepo ukiwa mzuri ungesikia gari moshi likipiga honi mjini Morogoro. Ilikuwa zamani za Wajerumani, wakati wa kiangazi, na vipande vya viazi vitamu vilikuwa vimetandazwa kila mahali, juu ya miamba, juu ya mapaa, juu ya mikeka mbele ya milango. Vilitoa harufu tamu yenye uchachu kidogo, na joto la bondeni liliibeba mpaka ikaingia kwenye nguo. Nilikuwa mtoto wa kike mwenye umri wa kutosha kutwanga na kuchota maji, na sikujua neno hata moja la Kiswahili. Nilishika mkono wa mjomba wangu na kujiuliza watu gani hawa wanaokula vitu vinavyonuka hivi.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yangu alikuwa mjomba. Ndiye niliyemsumbua mwaka mzima mpaka akakubali kunileta. Sababu yangu ilikuwa ya kitoto. Siku moja, katika kikanisa kidogo cha mlimani kilichoezekwa kwa nyasi, nilimwona msichana wa rika langu akisimama mbele ya watu wazima na kusoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi, na wazee wote, hata wale waliokuwa hawanyamazi mbele ya jumbe, walinyamaza wakamsikiliza. Nilitaka nami watu wazima waninyamazie. Mjomba alicheka sana nilipomweleza, kisha akatoa sharti lake. Nitakaa misheni kiangazi kile kimoja. Mvua za kwanza zikianza, atakuja. Akikuta masista wanasema nimeshika masomo, nitabaki. Akikuta bado nimekaa bubu, nitarudi naye kulima, na habari ya shule tutaifunga. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa na shamba kwenye mteremko mkali na mikono michache ya kulilima.

Kijiji kile kilikuwa cha watu waliotoka kila upande. Walikuwamo Wazigua, Wayao, Wamanyema na Wanyamwezi, wengine wazao wa watu waliokombolewa utumwani na mapadre zamani za misafara, wengine waliokuja wenyewe kutafuta ardhi na amani. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, na ndiyo iliyokuwa lugha ya shule na ya sala. Siku zangu za mwanzo darasani nilikaa nikitazama midomo. Wenzangu wakicheka, nami nilicheka, nikiwa nimechelewa kidogo. Wakisimama, nilisimama. Mtu asiyepata kuishi katikati ya lugha asiyoijua anadhani ni jambo la masikio tu. Mimi nakumbuka njaa, kwa sababu sikujua namna ya kuomba kuongezewa chakula, na nakumbuka woga wa kutojua kama ninaitwa au ninafukuzwa.

Mwalimu wetu aliitwa Mwalimu Fransis. Alikuwa Mzigua, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na desturi moja ambayo mpaka leo naiona ilikuwa kazi ya akili kubwa. Mtoto mgeni hakumpeleka kukaa na watu wa kabila lake. Waluguru walikuwapo kijijini, na mimi nilitazamia kulala kwao na kusema Kiluguru mpaka nishibe. Mwalimu, ambaye Kiluguru alikijua kidogo, alimwambia mjomba mbele yangu, "Nikimpeleka kwa ndugu zake watamhurumia, watamsemea kila kitu, na mvua zitamkuta hajui hata kuomba maji. Nampeleka kwa watani wake. Mtani hawezi kumwacha akanyamaza." Mjomba alipojua nyumba yenyewe ni ya Wanyamwezi, aliinama akacheka mpaka akashika magoti. Yeye alikuwa amewahi kuiona misafara ikipita bondeni enzi za ujana wake, na alijua Wanyamwezi na sisi tumetaniana tangu hapo. Mimi sikuwa nimepata kumwona Mnyamwezi maishani. Aliniaga bado anacheka, nami nikabaki njiani nikiamini kabisa kwamba ameniuza.

Mwenye nyumba alikuwa Mama Felista, mjane mnene mwenye mwanya, na binti yake, rika langu, alikuwa Kalunde. Nilipofika mlangoni nimebeba kikapu cha magimbi ambacho mama yangu alinifungia kwa majani ya migomba, Mama Felista hakunipa pole ya safari. Alikinyakua kikapu kichwani pangu, akapaza sauti majirani wasikie, akayamwaga magimbi yangu sakafuni na kuanza kuyachagua mazuri. Kalunde alinizunguka akinitazama miguu na kusema maneno yaliyowaangusha watu kwa kicheko. Nililia kwa uchungu wa kweli. Kwetu watani walikuwapo pia, watu wa koo nyingine, na nilishawaona msibani wakifanya vituko ili wafiwa wapate kucheka. Lakini wale niliwajua majina na nyumba zao. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa na mtani asiyemjua, anayemngoja katika nchi asiyoifahamu, akiwa ameshajiandaa kumpora chakula. Jioni ile magimbi yalipikwa, na fungu langu lilikuwa kubwa kuliko ya wote. Nilikula nikiwa bado napiga kwikwi.

Kuanzia kesho yake sikupata raha ya kukaa kimya. "Wewe Magimbi, amka!" Kalunde aliniita hivyo mpaka jina langu likasahaulika. "Jua limekuja kukutafuta, limechoka kungoja!" Tukienda mtoni kuchota maji, alinisema njia nzima. Tukitwanga mahindi, mchi wake ukipanda alinitukana, mchi wangu ukipanda alingoja nijibu, na nisipojibu alipiga kinu ubavuni na kusema, "Haya, sema!" Hilo ndilo lilikuwa neno langu la kwanza la Kiswahili. Mama Felista naye aliniketisha jikoni, akashika kitu kimoja kimoja, mwiko, kata, chungu, jivu, na kila alichokishika alikifanyia tusi lililonihusu mimi, na watu wangu, na ukungu wetu unaotufanya tusione njia. Niliyakusanya maneno yale kwa hasira. Nimefundisha watoto miaka mingi na najua sasa kwamba hakuna kinachoingiza neno kichwani haraka kama kutaka kumrudishia mtu.

Siku niliyojibu ilikuwa asubuhi, na moshi wa kuni mbichi ulikuwa umetujaza macho. Mama Felista aliniagiza maji ya kunawa, na maneno yakanitoka yenyewe, "Kajichotee, mpagazi! Umebeba mizigo ya watu mpaka Bagamoyo, mtungi tu unakushinda?" Aliuangusha mwiko. Nilidhani atanipiga. Alitoka nje akapiga vigelegele, akaita majirani, "Njooni! Mluguru wangu amesema! Njooni msikie ninavyotukanwa nyumbani kwangu!" Watu walikuja wakiwa na unga mikononi, wengine wamebeba watoto, na nikalazimishwa kulirudia tusi lile mpaka likanyooka. Kalunde alinikumbatia. Sijapata tena katika maisha yangu sifa kama ile, na nimewahi kupewa cheti na gavana.

Yule mama alinipenda, sasa naweza kulisema wazi, na alinipa lugha kwa kunipa nafasi ya kumshinda. Tena hakukubali kupokea heshima ya upande mmoja. Jioni, tulipokuwa tukigeuza michembe, alinitaka nimfundishe Kiluguru. "Nami nikutukane kwa lugha ya mama yako," alisema, "usije ukadhani una mahali pa kujificha." Alijifunza kwa bidii, akayatamka vibaya, akanipa nafasi ya kumcheka mimi mtoto, naye akacheka kuliko mimi. Neno moja tu halikusemwa nyumbani mle. Nililisikia kutoka kwa mchuuzi wa karanga aliyetoka Gairo, ambaye alikuwa anataniana na mteja wake na kumwita "mtumwa wangu", jambo ambalo watani wengi husema. Nililibeba neno lile nyumbani kama zawadi. Mama Felista aliniwekea kiganja mdomoni, polepole, kisha akaendelea kupepeta. Mama yake mzazi alikuwa mmoja wa wale waliokombolewa. Tangu hapo nilijua kwamba hata katika utani ule usiokuwa na mipaka, mpaka upo, na unapaswa kuujua kwa kuishi na watu.

Mwisho wa kiangazi nilikuwa nasema kutwa nzima. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima, na nilikuwa na hakika mjomba akija atanikuta nimeshinda. Ndipo Sista Mkuu alipokuja kutupima. Alikuwa Mjerumani mrefu, mwenye miwani, aliyekaa nchini miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa fasaha kuliko cha wazee wengi wa kijiji. Alipita kati ya viti akiuliza wageni maswali madogo madogo, kwa sauti ya upole. Alifika kwangu akainama. "Haya, binti," aliniuliza, "hebu niambie, huko kwenu milimani mnakula nini?" Nilielewa kila neno. Furaha iliyonipata siwezi kuieleza. Nilisimama, nikashika kiuno kama Mama Felista, na kwa sauti kubwa nikamjibu, "Sisi tunakula chakula cha watu. Wewe mla michembe utakijulia wapi?" Yeye alinyamaza. Kwa kanuni nilizozijua mimi, aliyenyamaza ameshindwa, na mshindi anachukua chake. Nikanyoosha mkono kwenye uso wake. "Haya, lete hiyo miwani, mali ya mtani!"

Mwalimu Fransis alikuwa amefumba macho. Sista aliushika mkono wangu, akaushusha, akauliza nani amenifundisha maneno hayo, nami kwa majivuno nikajibu, "Mama Felista!" Mwalimu alijaribu kumweleza. Alisema ni mila, alisema hakuna ubaya, lakini alieleza kwa kigugumizi cha mtu aliyeshtuka, na Sista aliona anawafunika watu wake. Hakukasirika kwa kelele. Alisema mtoto aliyekuja kufundishwa adabu amefundishwa matusi, kwamba nyumba ile isipewe mgeni mwingine, na kwamba mjomba wangu atakapokuja nirudi naye. Mwalimu mwenyewe kesho yake alipaswa kwenda Mlali kuwafundisha wakatekumeni waliojiandaa kubatizwa, na hakuwa na ruhusa ya kuahirisha. Nilirudi nyumbani sijui nilichokosa. Nilikuwa nimesema Kiswahili, na kwa sababu nilikisema, sasa nafukuzwa.

Nilimweleza Mama Felista yote, pamoja na miwani. Kalunde alitoa kicheko akakifuta haraka alipoona uso wa mama yake. Mama Felista alikaa chini kwenye kizingiti, na kwa mara ya kwanza alinisemesha bila utani. "Kosa si lako, mwanangu," alisema. "Nimekufundisha kuzungumza na mimi tu. Mvua bado. Twende tukazungumze na watu." Siku zilizofuata, kila tulipotoka shule, alinishika mkono akanizungusha. Tulikwenda kwa bibi kipofu wa Kimanyema ambaye aliamkiwa kwa kupigiwa magoti na kushikwa mikono yote miwili. Tulikwenda kwa seremala aliyekuwa na haya, ambaye ukimpazia sauti hakujibu. Tulishuka mpaka mjini kwa mwenye duka Mwislamu, mtu mzima mwenye kanzu, ambaye kwake salamu ilikuwa ndefu na ilipaswa kuulizia nyumba nzima kabla ya kusema ulichofuata. Kazi yangu ilikuwa kupeleka ujumbe uleule kwa kila mmoja, kwamba Mama Felista anaomba kuazima ungo, na kuleta jibu. Kwa bibi niliusema hivi, kwa seremala vile, kwa mwenye duka vingine kabisa, na nikirudi nyumbani Kalunde alinipokea kwa tusi ili nisisahau nilikotoka.

Nilijua wakati ule, kwa mara ya kwanza, kwamba lugha ina vyumba, na kwamba mimi nilikuwa nimeingia kwa mlango wa jikoni, mahali penye moto na kicheko, nikadhani ndiyo nyumba yote. Sikuionea haya jikoni ile. Lakini nilijifunza kushusha macho, kusema naomba, samahani, shikamoo, tumsifu Yesu Kristo, na nilijifunza kungoja mkubwa amalize. Ajabu ni kwamba yote yaliniingia upesi. Ulimi ulikuwa umeshafunguka, uliobaki ulikuwa uangalifu.

Mvua ya kwanza ilinyesha na kulitoa vumbi harufu yake, na mjomba akaja siku hiyohiyo, amelowa, amebeba jembe jipya begani. Nililiona jembe lile tangu mbali nikajua ni la nani. Sista alitupokea barazani. Mwalimu alikuwa bado hajarudi kutoka Mlali, mjomba hakujua Kiswahili, na Sista hakujua Kiluguru. Alitazama huku na huku kutafuta mtu wa kutafsiri, kisha akanitazama mimi bila matumaini makubwa. "Mwambie mjomba wako," alisema polepole, "tulimpenda mtoto wake. Lakini ameshindwa kuishika adabu ya shule, na sasa amrudishe nyumbani." Nilisimama katikati yao. Nilimgeukia mjomba nikainama kama inavyotakiwa kwetu, na kwa Kiluguru nikamwambia neno kwa neno kwamba nimeshindwa na anirudishe. Niliweza kuyapindisha, na wazo hilo lilinijia. Ila uso wa Sista ungenisuta, na mjomba alijua kusoma uso. Mjomba alishusha pumzi. Alisema mshukuru mama huyu kwa chakula alichokulisha, mwambie hatuna kinyongo, nami nikamgeukia Sista nikashusha macho na kusema, "Sista, mjomba wangu anashukuru sana kwa kunitunza. Anasema hana kinyongo." Nilimwona Sista akikunja uso kidogo kunisikiliza.

Ndipo Mama Felista akatokea kwenye mvua, kanga imemganda, hakuitwa na mtu. Alipanda barazani, akamwamkia Sista kwa heshima zote, akamgeukia mjomba ambaye hawakuwahi kuonana naye, akalinyakua jembe. "Jembe zuri hili!" alisema. "Mluguru, umeniletea mwenyewe mpaka mlangoni, asante." Akaliweka chini akalikalia. Mjomba alielewa bila kutafsiriwa. Uso ukamchanua, akamjibu kwa Kiluguru kwamba bibi zake huyu mama waliitupa mizigo yao mtoni kwetu wakakimbia chura, na Mama Felista, kwa Kiluguru kilekile kibovu nilichomfundisha, akamwambia kwamba chura wa kwao wana adabu kuliko wajomba wa kwao. Mjomba aliruka kwa mshangao. Kumsikia Mnyamwezi akimtukana kwa lugha yake mwenyewe lilikuwa jambo asilolitegemea, na aliangua kicheko kilichosikika mpaka kanisani.

Sista alinishika bega. "Wanagombana?" aliuliza kwa wasiwasi.

"Hapana, Sista," nilimjibu. "Wanasalimiana."

Aliniambia nieleze. Nilieleza. Nilisema, "Sista, kwanza nakuomba radhi kwa maneno ya siku ile. Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Mtani akikutukana anakukaribisha. Akichukua kitu chako anakwambia wewe si mgeni tena. Mimi nilipofika sikuwa na neno hata moja, na Mama Felista alinitukana kila siku mpaka nikapata maneno ya kumjibu. Kiswahili changu chote nilikipata hivyo. Sikujua kwamba wewe si mtani wangu. Nilidhani kila anayesema Kiswahili ni mtani wangu." Niliendelea, nikamweleza habari za bibi kipofu na seremala na ungo, na nilipomaliza niliona kwamba mvua imepungua na wakubwa wote watatu wamenyamaza wananisikiliza.

Sista alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Alisema, "Mwambie mjomba wako nimebadilisha neno langu. Mtoto abaki, na abaki katika nyumba hiyohiyo." Nilimgeukia mjomba nikafungua mdomo, na hapo lugha zote mbili zilinikimbia. Nilijaribu, machozi yakaja badala ya maneno. Mama Felista akiwa bado amelikalia jembe ndiye aliyemtafsiria. Alitafuta Kiluguru chake, akakosea, akarudi nyuma, akalisema jambo zima kwa maneno niliyomfundisha mimi wakati tunageuza michembe, na mjomba alinyoosha mkono akanishika kichwa. Sista alitazama yote hayo. Kisha aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli, "Na mimi je? Mtani wangu ni nani?" Mama Felista alimpima kwa macho. "Sista," alisema, "wewe bado mgeni. Vumilia kidogo, tutakutafutia." Alicheka, huyo Sista Mkuu, mpaka akashika nguzo ya baraza. Jembe halikurudi mlimani.

Nilikaa katika nyumba ile mpaka vita vilipokuja na kuvuruga kila kitu. Katika miaka hiyo Mwalimu Fransis aliwapeleka wageni wengine, mtoto wa Kigogo, wasichana wawili wa Kikaguru, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwenye nyumba aliyoipima kwa makini, na Sista alikuja mara kwa mara kukaa jikoni kwetu na kusikiliza. Nilisoma mbele ya watu kanisani. Baadaye Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaja, nami nikawa mwalimu. Mama Felista na Kalunde walipanda gari moshi kurudi upande wa Tabora, kwa ndugu waliowatafuta kwa miaka. Stesheni Kalunde alinitukana kupitia dirishani mpaka gari likapotea, nami nikamjibu nikikimbia kando ya reli. Mama Felista alifia huko, na Kalunde alimfuata miaka michache iliyopita. Habari nililetewa na abiria.

Siku hizi watoto hushuka kutoka milimani Kiswahili chao kikiwa tayari mdomoni, na ninashukuru, kwa sababu najua woga walioepushwa nao. Lakini bado wako wageni. Kila mwaka huja mtoto kutoka mbali ambaye lugha yetu haijui, na nimeona tunavyompokea katika shule nzuri za sasa, zenye madawati na mabati. Tunamketisha nyuma karibu na mwenzake wa kabila lake. Tunamsemesha polepole, tunamwonea huruma, tunasema atazoea. Hakuna anayemkasirisha, hakuna anayemchokoza, hakuna anayetaka kujua lugha ya mama yake, na mwaka unakwisha akiwa bado mgeni mwenye kupendwa na kila mtu. Nimejaribu kuwaeleza walimu vijana namna Mwalimu Fransis alivyofanya. Wananisikiliza kwa heshima kubwa, wananiita bibi, wananiwekea kiti.

Kila mtu ananiheshimu sasa. Nikipita mjini Morogoro, watu wazima wenye mvi ambao niliwafundisha kusoma huvua kofia, na Kiswahili ninachosikia kutoka asubuhi mpaka jioni ni shikamoo, samahani, tafadhali, pole mwalimu. Ni Kiswahili safi, nami nimesaidia kukifundisha. Nimesali kwa lugha hii, nimeolewa kwayo, nimezaa na kuzika kwayo, na hata ndoto zangu nadhani zimo ndani yake. Hakuna mtu hata mmoja aliyebaki hai wa kunitukana kwayo, na kuna siku nikiamkiwa kwa adabu zote hizo najiona nimekuwa mgeni upya.